Konda, peleka mbele hapo

Desemba iliyopita nilipanda basi na binti yangu wa miaka 6 kwenda Mbeya kwa bibi yake, safari ndefu si unajua tena, mnatoka giza mnafika giza, na kwa sababu ni ndefu konda akawasha ile tivii ya mbele akachomeka flashi. Picha la mapigano. Tulikuwa tumeshaipita Chalinze, watu wanamenya mayai, steringi kaingia kwenye ghala moja hivi kawamaliza watu kama 30, risasi, visu, mmoja kachomwa bisibisi ya shingo, na basi zima limetulia tuli wakubwa kwa watoto. Siti ya mbele yetu kulikuwa na mama anamlisha mwanae wa miaka kama 4 ndizi, wote wawili macho kwenye kioo, mtoto anatafuna, mtu anachinjwa, mtoto anatafuna. Sawa. Baada ya kazi steringi akarudi kwake, akavua shati lililojaa damu, mrembo wake akamsogelea.

Hapo ndo ungeona vituko. Yule mama alimfunika mwanae kanga kichwa kizima pamoja na ndizi yake. Nyuma huko kuna mzee wa baraghashia, masaa mawili hajatamka neno, akapaza sauti: "Konda! Peleka mbele hapo, humu kuna watoto!" Na konda wala hakuuliza mbele wapi, alikuwa ameshashika rimoti kabla mzee hajamaliza sentensi, akapeleka mbele, akapeleka, mpaka akafika kwenye ugomvi mwingine mtu anatupwa dirishani, akaachia. Kanga ikatolewa. Basi likapumua.

Nikacheka, afu nikaacha kucheka, maana mkono wangu na mimi ulikuwa umeshafika usoni kwa binti yangu.

Sasa tangu siku hiyo nalifikiria sana lile tukio, kwa sababu ile ilikuwa bodi ya filamu kabisa imekaa kikao. Wajumbe watatu, mama, mzee na konda, uamuzi umepatikana ndani ya sekunde nne na hakuna rufaa. Tunayo Bodi ya Filamu ya kweli, ina sheria yake tangu 1976, na muvi inatakiwa ikaguliwe na ipewe daraja kabla ya kuonyeshwa kwa watu, lakini kati ya ofisi ya bodi na kioo cha basi kuna flashi, na flashi haina daraja. Kibanda umiza cha mtaani kwetu ndo usiseme, mi nimekulia humo, shilingi hamsini unaingia, muvi tatu, za kina Lufufu akitutafsiria, na hakuna mtu hata siku moja aliyewahi kuniuliza dogo una miaka mingapi. Aliniuliza hela iko wapi.

Kwa hiyo ukubwani nikaona zile namba, 13, 16, 18, zimekaa pembeni ya kioo muvi ikianza, nikazipa heshima kubwa sana. Nilidhani wenzetu wana wataalamu, sijui madaktari wa watoto wamekaa na vipimo, wanapima hii inafaa ubongo wa miaka 13 hii haifai. Nikaanza kusoma. Jamani.

Tuanze na Marekani maana muvi nyingi tunazoangalia zinatoka huko na ile PG-13 ni ya kwao. Zamani hawakuwa na madaraja kabisa. Walikuwa na kanuni moja tu kwa wote, iliandikwa 1930 na kuanza kubana kweli 1934, na wazo lake lilikuwa kila muvi iwe salama kwa kila mtu aliyeko ukumbini, babu na mjukuu waangalie kitu kilekile. Ndo maana kwenye picha za zamani hizo hata mtu na mkewe wa ndoa unakuta chumbani wana vitanda viwili, kila mtu na chake, kama bwenini. Miaka ya 60 ile kanuni ikawa imeshachakaa, watengenezaji wanaipuuza, afu mwaka 1968 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwamba serikali inaruhusiwa kuwawekea watoto mipaka ambayo haiwezi kuwawekea watu wazima. Wenye kampuni za filamu wakasoma alama za nyakati. Kila mji ungeweza kuanza kutunga sheria yake, muvi moja ingekaguliwa mara mia. Kiongozi wa chama chao, Jack Valenti, akaona bora wajikague wenyewe kabla hawajakaguliwa, na tarehe 1 Novemba 1968 madaraja yakaanza: G ya watu wote, M ya waliokomaa, R ambayo mtoto haingii bila mzazi, na X.

Yaani mfumo haukuzaliwa kwa sababu kuna mtoto aliota ndoto mbaya. Ulizaliwa ili serikali isiingie dukani. Silaumu, ningekuwa mimi ningefanya hivohivo, ila ukilijua hilo ile namba inaanza kukaa vingine machoni.

(M watu hawakuielewa, walidhani ni kali kuliko R, ikabadilishwa jina mara mbili mpaka ikawa PG mwaka 1972. Na X, kwa sababu hawakuisajili kama alama ya biashara, wenye picha za ngono wakaichukua wakaanza kujipachika wenyewe, moja, mbili, mpaka tatu. Unasahau kusajili kitu kimoja tu!)

PG-13 yenyewe ilikujaje. Mwaka 1984 zilitoka muvi mbili kipindi kimoja, ya Indiana Jones ile ya pili na nyingine inaitwa Gremlins, zote PG, maana yake mzazi angalia angalia lakini twende tu. Watu wakabeba watoto. Kwenye ya kwanza kuna mtu anachomolewa moyo kifuani kwa mkono, moyo unadunda. Kwenye ya pili kuna vijidudu vya kuchekesha hivi vilivyouzwa kama midoli, afu mama mmoja anakipika kimoja ndani ya maikrowevu mpaka kinapasuka. Wazazi wakawaka. Steven Spielberg alikuwa na mkono kwenye zote mbili, moja kaiongoza nyingine kaisimamia, na yeye mwenyewe ndo aliyempigia Valenti kupendekeza kiwepo kitu katikati ya PG na R. Julai mwaka huohuo kikawepo. Haraka hivo. Na wala PG-13 haimzuii mtoto mlangoni, ukija na wa miaka 5 unakata tiketi unaingia, ni onyo tu, kama lile la kwenye pakti ya sigara.

Sasa wakaguzi. Hawa ndo walionishangaza. Hao watu wanaokaa kwenye chumba huko California wakaangalia muvi na kupiga kura siyo madaktari, siyo walimu, siyo wanasaikolojia. Ni wazazi tu. Sharti la kuchukuliwa ni uwe na mtoto wa kati ya miaka 5 na 15, na majina yao wengi hayatangazwi. Wanaangalia, kila mtu anajaza fomu yake, wanajadiliana, wengi wape. Mwenye muvi asiporidhika anaweza kukata vipande akairudisha, au akakata rufaa. Na swali wanaloulizwa kujibu siyo kwamba hii itamfanya nini mtoto akilala usiku, swali ni wazazi wengi wa Marekani wangeipa daraja gani. Wanamkadiria mzazi. Mtoto hayumo kwenye swali.

Kwa maneno mengine ni yule mama wa kanga. Kaajiriwa, kapewa kiti na fomu.

Na kwa sababu inabidi waelewane, wanashika kinachohesabika. Kuna lile tusi linaloanza na F, wote tunalijua limetufikia bila nauli. Likitamkwa mara moja tu kama mshangao muvi inaweza kubaki PG-13. Likizidi hapo, inakuwa R, labda theluthi mbili ya wakaguzi wakubali kuisamehe. Likitumika kwa maana yake halisi ya kitandani hata mara moja, R. Wanahesabu kabisa. Mwaka 2010 ilitoka The King's Speech, inamhusu mfalme wa Uingereza mwenye kigugumizi anayefundishwa kuongea, kuna sehemu mwalimu wake anamwambia atukane kwa sababu akitukana hashikwi na kigugumizi, mfalme anamwaga matusi mfululizo, ni sehemu ya kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja, hakuna anayetukanwa, anaitukana hewa. Marekani: R. Daraja lilelile wanalopewa watu wanaokatwa vichwa kwa msumeno. Uingereza walianza na 15 na wao, wenye muvi wakalalamika, ikashushwa mpaka 12A. Muvi ni ileile, matusi ni yaleyale, na lugha ni ileile ya Kiingereza.

Kwenye kuua hesabu inabadilika. Ukiua bila damu, au damu kidogo, watu wakaanguka tu kama magunia na kamera ikageuka, PG-13 inakupokea vizuri. Ndo maana muvi za mashujaa zinabomoa mji mzima, maghorofa yanaporomoka, na huoni maiti hata moja. Mwaka 2013 kulitoka utafiti kwenye jarida la Pediatrics, la madaktari wa watoto wa Marekani, ukaonyesha kwamba matukio ya bunduki kwenye muvi za PG-13 yalikuwa yameongezeka zaidi ya mara tatu tangu 1985, na kufikia 2012 yalikuwa yamezizidi hata zile za R. Na hapo kuna hela, tusidanganyane, PG-13 ndo inakusanya ukumbi mzima, vijana wanaingia peke yao, familia zinaingia, Avatar ni PG-13, Titanic ni PG-13. Mwenye muvi anajua kabisa anapunguza nini ili aipate. Anapunguza damu. Waliokufa anawaacha.

Na hiyo Titanic hebu tuizungumze kidogo maana kila nyumba ya Dar miaka ile ilikuwa na mkanda wake. Unakumbuka rimoti ilikuwa inakimbiliwa wapi? Kwenye mchoro. Dada amelala kwenye kochi anachorwa, baba anakohoa, mama anakumbuka kuna kitu jikoni, mjomba anapeleka mbele. Tukishapita mchoro tunatulia vizuri tunaangalia watu 1,500 wanakufa maji. Kuna mama anawasimulia watoto wake hadithi kitandani wakati maji yanapanda, anajua na wewe unajua. Kuna mtoto mchanga ameganda. Hiyo hamna aliyeipeleka mbele, tuliiangalia mpaka mwisho wote na mdogo wangu wa miaka 5, na tukailia. Mchoro nimekuja kuuona nikiwa chuo, nikasema hiki ndo walikuwa wananificha?

Sisemi wangeuacha mchoro. Kila watu wana haya zao, na kwetu kuangalia mambo ya chumbani huku baba mkwe yuko pembeni ni msiba, hilo halina mjadala, hata leo ningeshika rimoti. Ninachosema ni kwamba ile haya ilikuwa ya kwetu wakubwa. Mtoto wa miaka 5 mchoro angeusahau kabla ya chakula cha usiku. Tulikuwa tunajiokoa sisi tusiangaliane usoni, afu tunasema kuna watoto humu.

Waingereza nao wana yao. Kwanza historia yao inachekesha, sheria yao ya kwanza ya sinema ya 1909 haikuhusu maadili hata kidogo, ilihusu moto. Filamu za wakati ule zilikuwa zinawaka kama petroli, kumbi zinaungua, basi ikatungwa sheria kwamba ukitaka kuonyesha picha upate leseni ya halmashauri. Halmashauri zikishakuwa na leseni mkononi zikaanza kuangalia na kilichomo ndani ya picha, maana ukimpa mtu mhuri atatafuta pa kuugonga, na wenye biashara wakaona hii ni balaa, mwaka 1912 wakaunda bodi yao, BBFC. Mpaka leo kisheria halmashauri ndo yenye neno la mwisho. Mwaka 2002 Spider-Man ilipewa 12, maana yake mtoto wa 11 haingii hata akija na ukoo mzima, na midoli ya Spider-Man imejaa madukani mpaka ya watoto wa miaka 4. Vilio. Halmashauri kadhaa zikaamua kivyao kuishusha, na mwaka huohuo bodi ikaleta 12A, wa chini ya 12 aingie na mtu mzima.

Wao kwenye ukatili ni wagumu kuliko Wamarekani, kwenye matusi na miili wana subira zaidi. Sweden ilipotoka E.T., yule mgeni wa kutoka angani mwenye kidole kinachowaka ambaye dunia nzima watoto walikuwa wanambusu kwenye mabango, wakawazuia watoto wa chini ya miaka 11 wasiingie. Watoto wa Sweden! Na jirani zetu Kenya mwaka 2017 bodi yao iliagiza katuni kadhaa za chaneli za watoto ziondolewe hewani, wakisema zinaingiza mapenzi ya jinsia moja, katuni hizohizo ambazo kwingine watoto walikuwa wanaziangalia huku wakinywa maziwa. Kila nchi ina kinachoinyima usingizi. Ukishajua hilo, ukiona namba pembeni ya kioo chako hapo Tabata jiulize kwanza ni hofu ya nani hii, maana inaweza kuwa hofu ya mzazi wa California, na wewe na yeye mnachangia mtandao wa kuangalizia tu.

Haya sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Kabla ya hiyo safari ya Mbeya, kama mwaka hivi, nilikuwa nimemwekea binti yangu ile katuni ya simba, The Lion King ya 1994. Nilikuwa na kazi ya kumalizia kwenye laptopu, nikaangalia daraja, G, watu wote, hakuna daraja salama zaidi ya hilo duniani. Na tena muvi imejaa maneno ya kwetu, Simba, Rafiki, hakuna matata, hata Pumbaa sisi tunajua kabisa kaitwa nini, nikasema hii ni kama ya nyumbani. Nikamwacha.

Nikasikia kimya. Wenye watoto mnaijua kimya. Nikainua kichwa, kwenye kioo nyumbu wameshapita, vumbi linatua, baba simba kalala, na kale katoto kanamsukuma kichwa kanamwambia baba amka. Kananyanyua mkono wa baba yake kanajifunika nao. Binti yangu halii. Ananiangalia mimi.

Nikamwambia ni katuni tu mama, ni michoro. Akasema ndiyo. Usiku saa nane nikashtuka kuna kidole kiko chini ya pua yangu. Amesimama pembeni ya kitanda gizani, anapima kama napumua. Alikuja tena kesho yake, na keshokutwa. Wiki mbili karibu. Akiniona nimejilaza kwenye kochi mchana macho nimefumba ananisukuma bega.

G hiyo.

Afu nikaja kugundua kwamba muvi hiyohiyo walipoitengeneza upya mwaka 2019, simba wanaonekana kama wa kweli, hadithi ileile, baba anakufa palepale kwa sababu ileile, Wamarekani waliipa PG. Sijui tuseme nini, kwamba kati ya 1994 na 2019 baba kufa kumekuwa kubaya zaidi? Au manyoya tu yameongezeka? Waingereza nao wana kidonda chao cha aina hiyo, katuni ya sungura ya 1978, Watership Down, walishaiweka U, ya watu wote, na ndani sungura wanatoana damu na wengine wanafukiwa hai shimoni. Watu wazima wa Uingereza mpaka leo ukiwatajia wanashika kifua. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kuipandisha mpaka PG.

Kuna mwanamama mtafiti, Joanne Cantor wa chuo kikuu cha Wisconsin, yeye alifanya kitu ambacho bodi hazifanyi: alienda kuwauliza watoto. Alichokuta ni kwamba mtoto mdogo, wa chini ya kama miaka 7 hivi, anaogopa sura. Kinachoonekana kibaya ndo kibaya. Wale wa chekechea walikuwa wanamwogopa Hulk, yule jitu la kijani, wakati Hulk ndo mtu mzuri mwenyewe anakuja kuokoa, lakini wao wanachoona ni mtu anavimba anapasua shati. Mtoto akikua kidogo hofu inahama, sasa anaogopa kinachoweza kutokea kweli. Wezi. Moto. Mzazi kufa. Na kumwambia mdogo "siyo kweli hiyo" hakusaidii kitu, anaweza kukubali kwa mdomo tu. Niliposoma hapo nikakumbuka lile "ndiyo" la binti yangu.

Kwa hiyo kwenye basi pale labda ghala zima la maiti kwake lilikuwa ni kelele tu, wanaume asiowajua wanaanguka, na kweli nilimwangalia alikuwa anacheza na zipu ya begi. Sikusema hivyo ili konda aendelee, usinielewe vibaya, yule wa ndizi wa miaka 4 simjui usiku wake ulikuwaje na ile bisibisi. Huenda mama yake naye anajiuliza mtoto kapatwa na nini, na hawezi kuhusisha, kwa sababu sehemu mbaya alishamfunika.

Siku hizi nafanya hivi: namba naiangalia, lakini zaidi nasoma yale maneno madogo ya chini yake, ukatili, lugha, vitisho, hayo yana faida kuliko namba yenyewe, na ikiwa muvi ni mpya kwetu naiangalia kwanza mimi usiku kwa kasi kidogo. Mke wangu anasema nimepata kisingizio cha kuangalia katuni. Kuna ukweli.

Ila binti yangu ameshaunda bodi yake. Ana swali moja tu, na hajali G wala 13 wala nani kakagua. Kabla sijabonyeza chochote ananigeukia: "Baba, humu kuna baba anakufa?" Namjibu. Nikisema hakuna anakaa vizuri, nikisema sijui tunatafuta nyingine.

Juzi Jumamosi nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimeiangalia yote, baba mzima wa afya mwanzo mpaka mwisho, nikamwambia kwa kujiamini kabisa hakuna baba anakufa humu, akakaa, akaegemea mkono wangu. Babu akafa kwenye dakika ya 50.

Akaniangalia. Akachukua rimoti mwenyewe, akazima, akaenda kumpigia bibi Mbeya kwa simu ya mama yake kumuuliza babu anaendeleaje.